Mshika Kamba Hasaluti

Kikosi chetu hakikuwa na tatizo na adui. Adui alikuwa mbali, na kusema kweli sina hakika kama alikuwa na habari zetu. Tatizo letu lilikuwa Jumamosi. Kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa vijana walilenga shabaha, walitambaa chini ya seng'enge, walirusha mabomu ya mazoezi, na hakuna aliyechubuka hata kidole. Jumamosi mchana, wakishavua magwanda na kuambiwa wapumzike, ndipo walipoanza kuvunjika.

Mmoja aliruka kutoka paa la kantini akilenga godoro. Godoro lilikuwepo; rafiki yake ndiye aliyelisogeza, apate mahali pazuri pa kusimama amtazame. Wawili walishindana mbio za toroli kwenye mteremko wa ghala la silaha, kila toroli na abiria wake, na abiria mmoja aliingia ghalani bila kupitia mlangoni. Mpishi wetu aliapa kwamba anaweza kuendesha pikipiki amefumba macho, na akaweza kweli, mpaka ilipofika kona.

Mimi nilikuwa Sajini wa Michezo. Kazi yangu, ukiondoa maneno makubwa, ilikuwa kuhakikisha kwamba mtu anarudi kutoka kwenye raha na viungo vile vile alivyoondoka navyo. Juu yangu alikuwapo Meja, ambaye vijana walimwita Tahadhari, kwa sababu neno hilo lilimtoka mdomoni kama wengine wanavyotokwa na mate wakisema. Meja aliamini kwamba hakuna ajali isiyozuilika kwa amri. Kila Ijumaa jioni tulisimama kwenye gwaride tukasomewa amri mpya, na kila amri ilikuwa kaburi la ujinga wa wiki iliyopita.

"Askari asiruke kutoka paa lolote kwenda kwenye godoro lolote."

"Na kutoka kwenye mti, afande?" iliuliza sauti kutoka safu ya nyuma.

Ijumaa iliyofuata tukapata amri ya miti. Vijana hawakuichukia desturi hiyo. Walisikiliza kwa makini sana, kwa sababu mambo mengi aliyokataza Meja hayakuwa yamewahi kuwajia akilini.

Aliyejua kuliko sisi sote gharama ya Jumamosi alikuwa muuguzi mkuu wa hospitali ya kambi, mama mmoja mpana wa mabega, mwenye mikono mizito na ulimi mkali. Tulimwita Mama Wodi. Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu tangu tukiwa kuruta, ndiyo maana mimi na yeye tuliitana shemeji. Mume huyo alipelekwa mpakani mara mbili, akarudi mara mbili bila hata mkwaruzo. Halafu Jumapili moja alikwenda mtoni na binti yake mdogo, akataka kumchekesha, akajitupa majini kichwa mbele mahali ambapo maji yalikuwa ya magoti. Mama Wodi hakuwahi kulizungumza jambo hilo mbele yangu ila mara moja.

"Vita vilinirudishia," alisema. "Mchezo haukunirudishia."

Basi ukimwona akimshona kijana aliyeanguka kwenye toroli, na ukamsikia akimwambia, "Lia taratibu, mpumbavu wangu, watu wamelala," usidhani hana huruma. Huruma ilikuwa ndani, imefungwa bandeji.

Sasa kulikuwa na koplo aliyeitwa Plasta. Jina lake halisi liliandikwa kwenye faili lakini hakuna aliyelitumia, kwa sababu hapakuwa na mwezi ambao hakubandikwa kitu mahali fulani mwilini. Alikuwa kijana mrefu, mchapakazi, mkweli kupita kiasi, na hakujua kusema hapana. Ukimwambia, "Plasta, wewe huwezi kutembea juu ya ule ukuta," alikuwa juu ya ukuta kabla hujafunga mdomo. Kazini alikuwa wa kwanza. Kwenye mchezo pia alikuwa wa kwanza, na huko ndiko kulikokuwa na hasara.

Kila alipoanguka alichana suruali, na kila alipochana suruali aliipeleka kwa fundi cherehani aliyekuwa na kibanda karibu na lango la kambi. Fundi huyo alikuwa binti wa Mama Wodi, yule yule aliyekuwa mtoni siku ile. Naweza kusema kwamba suruali ndizo zilizotangulia kuposa. Mwishowe Plasta alianza kupeleka suruali nzima.

"Hii ina nini?" binti alimuuliza.

"Iangalie tu. Huenda itachanika."

"Iache hapa basi. Na mwenyewe ukae, maana ukitoka tu itachanika na wewe ukiwemo."

Walipoelewana, Plasta alinijia akiwa amenyoosha shati na kupaka mafuta viatu, akaniomba niwe mshenga. Nilikubali kabla sijafikiri. Mama Wodi alinipokea sebuleni kwake, akanisikiliza nilivyompamba yule kijana kuanzia nidhamu hadi shabaha, na nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Shemeji, huyu si ndiye kitanda cha dirishani?"

"Ndiye."

"Na kitanda cha mlangoni, mwezi uliopita?"

"Ndiye, lakini ile ilikuwa kamba ya bembea..."

"Binti yangu ameshamwona mwanamume mmoja akitolewa majini. Hatamwona wa pili." Akafuta meza ambayo haikuwa na vumbi. "Nampenda huyo kijana, ujue. Akiumwa hanisumbui. Lakini mwambie hivi: kuanzia leo mpaka siku ya harusi, akilazwa kwenye wodi yangu kwa sababu ya mchezo, harusi hakuna. Akiumia kazini, nitamshona na nitamwoza. Akiumia kwenye mchezo, nitamshona tu."

Nilimpelekea Plasta masharti hayo. Alikaa chini, jambo ambalo kwake lilikuwa dalili ya mshtuko.

"Wiki zote hizo, mzee?"

"Zote."

"Hata mpira?"

"Hata karata, kama utazicheza ukiwa umesimama juu ya kiti."

Binti naye alimwambia lake, huku anauma uzi kwa meno. "Mimi suruali zako nimeshona za kutosha. Kukushona wewe mwenyewe, hapo umenikosa."

Namsifu kijana: alijitahidi. Jumamosi wenzake walipotoka, yeye alikaa kitandani bwenini akashika kingo za kitanda kwa mikono miwili, kama mtu aliye kwenye mashua. Walimwita, walimtania, walimwambia ameshaolewa. Hakutoka. Siku zikasogea mpaka ikabaki wiki moja.

Ndipo likaja jambo la bwawa.

Nyuma ya kambi kulikuwa na bwawa ambalo maji yake yalikwenda mashambani kupitia mlango mdogo wa chuma. Mbele ya mlango huo palikuwa na wavu wa nondo wa kuzuia takataka. Mlango ukiwa umefungwa, maji yalitulia kama chai kwenye birika. Ukifunguliwa, yalivuta. Mwezi uliotangulia dereva mmoja alivutwa mpaka kwenye wavu, akakutwa amekumbatia nondo, mzima, lakini kaptura yake ilikuwa imekwenda kumwagilia mahindi. Meja hakulala. Ijumaa ya wiki ile tukasomewa amri ndefu kuliko zote.

Kila atakayeogelea atafungwa kamba kiunoni. Ukingoni atasimama mshika kamba wake, naye atashika kwa mikono miwili wakati wote. Mshika kamba atavaa sare kamili, buti na kofia.

"Afande," nilimwambia Meja ofisini, "kofia ni ya nini?"

"Sajini, mtu asiye na kofia hana mamlaka."

"Mamlaka juu ya nani, afande? Samaki?"

Alinitazama kama anavyotazama paa la kantini. Nikaondoka.

Nieleze hapa kwa wale ambao hawakupitia jeshini. Askari asiye na kofia hasaluti. Akimwona mkubwa husimama mguu sawa, mikono imenyooka ubavuni, basi. Ukimvisha kofia tu, mkono wake wa kulia si wake tena, ni wa mkubwa yeyote atakayepita. Hatufikiri. Hilo ndilo tulilofundishwa miezi ile ya kwanza, kutofikiri, na tulifaulu vizuri.

Habari za kamba zilifika makao makuu, na makao makuu yakapendezwa. Tukaambiwa Brigedia anayeshughulikia usalama wa askari nje ya kazi atakuja Jumamosi kujionea. Meja akaanza kutembea kwa vidole vya miguu. Alichagua waogeleaji sita na washika kamba sita, na akaamuru mmoja wa waogeleaji niwe mimi, ili ionekane kwamba hata wazee wako salama. Nilikuwa bado sijafika umri wa kuitwa mzee na mtu anayenivisha kaptura, lakini amri ni amri.

Mshika kamba wangu nilimchagua mwenyewe. Nilimchagua Plasta. Wenzangu walidhani namwamini sana. Sikumwamini hata kidogo. Harusi ilikuwa Jumamosi iliyofuata, mimi ndiye mshenga, na nilitaka kijana yule awe mahali ambapo hawezi kuumia: nchi kavu, miguu ndani ya buti, mikono yote miwili ina kazi.

"Usicheze," nilimwambia nikiwa ndani ya maji mpaka kifuani. "Usiruke. Usishindane na mtu. Shika kamba."

"Nashika, mzee."

"Hata iweje."

"Hata iweje."

Kila kitu kingekwenda salama kama Meja asingetazama zile kamba. Zilikuwa zimelegea juu ya maji yaliyotulia.

"Kamba iliyolegea haipendezi," alisema. "Brigedia ataona nini? Fungueni mlango wa maji kidogo, zikaze."

Mlango ukafunguliwa kidogo, na maji yakatushika viunoni na kutuelekeza kwenye wavu. Kamba zikakaza. Nakiri zilipendeza: sita, zimenyooka, kila moja na askari wake ukingoni, sare imepigwa pasi, kofia imekaa sawa. Meja akarudi nyuma hatua kadhaa apate kuziona zote kwa pamoja, akatabasamu.

Gari la Brigedia likatokea juu ya tuta. Alishuka mama mfupi mwenye miwani, akitembea bila haraka. Luteni aliyekuwa ukingoni, kijana mpya ambaye alikuwa akingoja nafasi ya kupaza sauti tangu azaliwe, akapaza.

"Kikosi! Mguuu... SAWA!"

Nimesikia watu wakisema kwamba jeshi letu halina nidhamu. Wangekuwapo siku ile. Buti zilipiga ardhi kwa mshindo mmoja, mikono ya kulia ikapanda, vidole vikagusa kofia, na kamba tano zikateleza majini kama nyoka wanaokwenda zao.

Sisi wa majini hatukuwa na kofia. Kwa hiyo hatukusaluti. Tulifanya linalompasa askari asiye na kofia: tulisimama mguu sawa. Mikono ubavuni, visigino pamoja, kidevu juu, macho mbele. Ndani ya maji yanayovuta. Jaribu siku moja, uone. Mtu aliyesimama mguu sawa majini huzama wima, kwa heshima zote, kama msumari.

Nilizama nikiwa nawaza kwamba Brigedia anavaa viatu vizuri. Kisha kitu kikanivuta kiunoni karibu kunikata vipande viwili, nikatoka kichwa juu, nikakohoa, nikaona. Wenzangu watano walikuwa wanakwenda kwenye wavu mmoja baada ya mwingine kama kabichi. Ukingoni askari watano walikuwa wamesimama kama sanamu, wanasaluti, macho mbele, wasijue mikono yao ya kushoto haina kitu. Na mwisho wa safu alikuwapo Plasta, visigino vimechimba mfereji kwenye matope, mgongo amelaza nyuma, kamba ameizungusha mikononi, meno nje.

"Koplo!" Meja alinguruma. Nadhani alikuwa bado hajatazama majini. Alikuwa anatazama saluti, na alizikuta pungufu moja. "Koplo! Mbona hupigi saluti?"

"Mikono imejaa, afande!"

"Imejaa nini?"

"Imejaa sajini, afande!"

Brigedia ndiye aliyekuwa wa kwanza kuacha mambo ya saluti. Aliweka kofia yake juu ya gari, na akiwa hana kofia akaonekana mtu kama watu wengine, akakimbia kwenye mlango wa maji akazungusha gurudumu mwenyewe. Maji yakatulia. Tukawatoa wenzetu kwenye wavu. Wote walikuwa hai, namshukuru Mungu. Mmoja mbavu zilikuwa zimepigwa, mwingine amekwanguliwa mgongo kama karoti, watatu walikuwa wamekunywa nusu ya bwawa. Machela zikaja, wakapelekwa kwa Mama Wodi.

Meja alibaki ukingoni, uso umebadilika rangi. Mtu mwenye aibu ni kama mtu mwenye mzigo wa moto, hutafuta wa kumpa. Aliwatazama wale watano waliosaluti. Walikuwa wametii. Akamtazama yule mmoja ambaye hakusaluti.

"Mahabusu," alisema. "Wiki nzima. Kwa kumdharau mkubwa."

Wiki nzima ilimaanisha kutoka Jumapili. Harusi ilikuwa Jumamosi. Plasta alinitazama, viganja vinavuja damu kidogo kwa kamba.

"Mzee, nilishika," alisema.

"Ulishika, mwanangu."

"Sasa nimekosa nini?"

Wakamchukua.

Nilikwenda kwa Mama Wodi nikiwa bado na kaptura mbichi, blanketi mabegani. Alikuwa ameinama juu ya yule wa mgongo, anatoa kutu kwa koleo ndogo, na wale wengine walikuwa wamelala kwa safu wakisubiri zamu.

"Mama, taratibu, ninakufa," alilia wa mgongo.

"Ukifa nitakuamsha, bado sijamaliza upande huu." Kisha akaniona. Koleo ikasimama. Alitazama vitanda, kimoja kimoja, kisha akatazama mlango nyuma yangu, na nikaona kwamba alikuwa anatafuta machela ya sita. "Yuko wapi?"

"Shemeji, kaa kwanza."

"Siketi. Yuko wapi?"

"Yuko mahabusu."

"Ameumia?"

"Meja amempa wiki nzima, maana yake Jumamosi..."

"Nimekuuliza, ameumia?"

"Hapana. Viganja tu vimechubuka. Alikuwa ameshika kamba yangu. Wenzake wote waliachia."

Alivuta stuli akakaa, yule aliyesema haketi. Akaangalia koleo mkononi kana kwamba hajui ilifikaje. Kisha, polepole, nikaona uso wake unafunguka.

"Huko mahabusu," aliniuliza, "kuna pikipiki?"

"Hakuna."

"Toroli?"

"Hakuna kitu, shemeji. Kuna kitanda na ndoo."

"Na mlango unafungwa kwa nje?"

"Kwa kufuli."

"Alhamdulillahi na haleluya," alisema Mama Wodi, asiyetaka kumkosea yeyote huko juu. "Hii ni wiki ya kwanza nitalala usingizi. Mwambie Meja asimtoe."

"Lakini harusi!"

"Harusi nitaizungumza mimi na Meja. Meja nimemchoma sindano, namjua anavyolia."

Nilijifunza baadaye kwamba waliongea kwa muda mfupi sana, na kwamba Meja hakuongea. Makubaliano yakawa kwamba Plasta atatoka Jumamosi alfajiri, aoe, na siku yake iliyobaki asamehewe. Kila mtu akaridhika. Binti alimpelekea chakula kila siku, akampitishia kwenye nondo, na kumwambia kwamba hajawahi kuona mchumba anayepatikana kirahisi namna hiyo.

Lakini Alhamisi ikaja simu kutoka kwa Brigedia. Alikuwa amesikia kwamba aliyeshika kamba ndiye aliyefungwa. Maneno yake kwa Meja sikuyasikia yote, kwa sababu simu ilikuwa ofisini na mimi nilikuwa nje ya dirisha, ila Meja alisema "ndiyo, afande" mpaka mwishowe neno likapungua likawa "ndi." Akatoka na ufunguo mkononi. Plasta aachiwe mara moja, kwa heshima.

Habari hiyo ilifika bwenini kabla ya ufunguo kufika mahabusu. Nilipopita uani niliwakuta vijana kama ishirini hivi wameshika blanketi kubwa kwa kingo zote. Ilikuwa desturi yetu: askari anayekaribia kuoa hurushwa juu kwa blanketi, mara nyingi kadiri ya mapenzi ya wenzake. Plasta alipendwa sana. Wale walionuia kumrusha ndio walioachia kamba, pamoja na marafiki zao, na walitaka kumtoa aibu kwa kumfikisha mawinguni.

"Plasta! Plasta! Toka, bwana harusi!"

"Leo utaona paa la kantini kwa juu!"

Nikaingia mahabusu mbio. Mlango ulikuwa wazi tayari. Meja alikuwa amesimama pembeni na kufuli mkononi, na Plasta alikuwa kwenye kizingiti, anatazama nje kupitia ujia. Ungemwona macho yake. Nimemwona mtoto akitazama wenzake wanacheza huku yeye anafungwa viatu. Yalikuwa macho hayo. Miguu yake ilikuwa imeshaanza kuruka kabla yake mwenyewe.

"Wanasema siwezi kukaa hewani nikahesabu mpaka tatu," aliniambia.

"Unaweza?"

"Naweza kabisa!"

Nje walikuwa wameanza kupiga blanketi, pa, pa, pa. Plasta akaweka mkono kwenye nondo za mlango. Akaangalia kiganja chake, palipokuwa pamebandikwa plasta mbili za Mama Wodi. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akikaa popote.

"Afande," alimwambia Meja. "Naomba ufunge."

"Nini?"

"Funga mlango, afande. Kwa kufuli. Mpaka Jumamosi."

"Koplo, umeachiwa! Ni amri ya Brigedia!"

"Basi niweke humu kwa ombi langu. Nikipita pale uani sitaweza kukataa, afande, najijua. Hapa ndani naweza."

Meja aliduwaa. Miaka yote ile alikuwa ameandika amri za kuwazuia watu wasifanye upumbavu, na huyu alikuwa wa kwanza kuja kuomba moja. Akafunga. Akaufunga kwa upole, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Nilipogeuka, Mama Wodi alikuwa kwenye ujia, begi lake la kazi mkononi. Alikuja kubadilisha plasta. Sijui alikuwa amesimama pale tangu lini.

"Wewe kijana," alisema.

"Naam, mama mk... Naam, mama."

"Malizia."

"Mama mkwe."

"Lete mikono."

Akamhudumia kupitia nondo, ameinamisha kichwa, na kazi ambayo kwa kawaida humchukua dakika moja ilimchukua muda. Vijana uani walikata tamaa wakamrusha mpishi.

Jumamosi ukumbi wa kambi ulipambwa. Mlangoni Mama Wodi alimkagua bwana harusi kiungo kwa kiungo, akamgeuza, akamkunja viwiko, akamtazama magoti, kama mtu anayenunua baiskeli iliyotumika. "Mzima," akatangaza, na watu wakapiga makofi. Bibi harusi alikuwa amejishonea nguo mwenyewe na amemshonea yeye suti, na alimnong'oneza, nami nikiwa karibu nikasikia, "Goti nimelishona mara mbili, kwa tahadhari." Meja alikuwa safu ya mbele. Naye alisikia, na neno lake likamfurahisha, akapangusa macho.

Wale washika kamba watano waliomba wapewe kazi ya heshima, wafute makosa. Tukawapa keki. Ilikuwa ndefu kama meza, ina ghorofa, wameibeba juu ya ubao, watatu mbele na wawili nyuma, wamevaa sare, kofia zimekaa sawa. Walitembea polepole katikati ya ukumbi, jasho linawatoka kwa uangalifu, na bwana na bibi harusi wakasimama kuwapokea, wameshikana mikono yote minne.

Mlango wa nyuma ukafunguka. Brigedia alikuwa ameamua kuja bila taarifa.

"Kikosi!" alipiga kelele yule luteni. "Mguuu..."

Niliwaona wale watano. Nilimwona Plasta pia. Yeye kofia alikuwa nayo, ya sherehe, na mkono wake wa kulia ulitaka kupanda. Haukutoka mahali ulipokuwa. Brigedia akatazama mikono ile minne iliyoshikana, akamkonyeza.

"Imejaa," alisema. "Endelea, Koplo."

Hakumaliza kusema. Buti zilipiga sakafu kwa mshindo mmoja, mikono mitano ya kulia ikapanda, na nidhamu ya jeshi letu ikadhihirika kwa mara ya pili. Ukumbi mzima ukatapakaa sukari. Watu wote, sijui kwa nini, wakamgeukia Mama Wodi.

Mama Wodi akaitazama keki pale chini, akaizunguka, akainama, akainuka.

"Hiyo," alisema, "msiniletee wodini."